Jenereta la nyumbani kwenye baridi kali: injini lazima ipate moto

Anayenunua jenereta la akiba kwa nyumba iliyo kwenye baridi kali huwa na hofu moja: nguvu isije ikapelea. Hofu hiyo ndiyo iliyotufanya tuanze na jenereta la kilowati 8, na ndiyo iliyotugharimu plagi, oili na mwishowe injini yenyewe. Nguvu haikupelea hata siku moja. Hewa ya baridi ni nzito na kila lita yake ina oksijeni nyingi zaidi, kwa hiyo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri injini hutoa nguvu hata kuliko wakati wa joto. Kilichoiua ni maji.

Wala si maji ya theluji iliyopenya kutoka nje. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji, yakiwa mvuke. Mwingi hutokea kwenye bomba la moshi, lakini kiasi hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye tumbo la injini pale ilipo oili. Injini iliyopata moto sawasawa huutoa mvuke huo nje. Isiyopata moto hubaki nao, na ikizimwa, maji hayo huganda humohumo. Karibu kila tatizo la jenereta la nyumbani kwenye baridi linarudi hapo, kuanzia siku unapochagua ukubwa wake.

Basi hesabu zianze kabla ya kwenda dukani. Zunguka nyumba na karatasi, soma kibati cha kila kifaa ambacho kweli huwezi kukaa bila nacho, na uandike safu mbili: wati za kuendeshea na wati za kuwashia. Taa na chaja hazina tofauti. Kitu chochote chenye mota huvuta mara tatu au zaidi kwa nukta ile kinapoanza. Chukua mfano: boila ya gesi (inayochemsha maji ya kupasha nyumba joto) na pampu yake ya kuzungusha maji wati 200, friji 150, taa za LED 60, modemu na simu 40. Hapo umefika wati 450 tu. Ongeza pampu ya kisima ya wati 900, ambayo ikianza inataka kama 2,700. Mzigo wa juu kabisa unakuwa wati 3,150, tena kwa sekunde moja au mbili. Jenereta la wati 3,500 za kuendelea linatosha. Soma vizuri hapo: za kuendelea. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya boksi mara nyingi ni ya sekunde chache za kuwashia, na ya kweli imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni. Ukiishi juu milimani, punguza karibu asilimia 3 hadi 4 kwa kila mita 300 za mwinuko.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu hiyo, ambao sisi hatukuutazama. Pampu ya kisima inafanya kazi dakika chache kwa saa. Muda mwingine wote mzigo ni wati 450. Kwa jenereta la kilowati 8 hiyo haifiki asilimia 6. Injini inazunguka bure, inakunywa mafuta, na haipati moto. Kwa jenereta la kilowati 3.5 ni asilimia 13, bado ni kidogo lakini unaweza kuiongezea. Lengo liwe kwamba muda mwingi injini ibebe thuluthi moja hadi nusu ya uwezo wake. Ikibidi, ipe mzigo wa makusudi: hita ya wati 1,000 kwenye chumba mnacholala, au birika la maji ya kunawa. Na kama pampu ya kisima ndiyo pekee inayokulazimisha kununua jenereta kubwa, muulize fundi juu ya kifaa cha kuianzisha taratibu. Mara nyingi hugharimu kidogo kuliko tofauti ya bei kati ya jenereta dogo na kubwa, halafu mafuta unayookoa ni ya miaka yote.

Hita za umeme ndizo zinazowapoteza wengi. Mtu anajumlisha hita nne za wati 1,500 na kujikuta anahitaji mtambo. Lakini injini ndogo ya petroli hugeuza kama sehemu moja tu kati ya tano ya nishati ya mafuta kuwa umeme; zilizobaki zinapotea hewani kama joto la injini na moshi. Kupasha nyumba nzima joto kwa njia hiyo ni kumwaga mafuta. Umeme wa jenereta uendeshe boila, tanuru la gesi au la kuni lenye feni, yaani kifaa kinachochoma nishati yake chenyewe na kinahitaji umeme kidogo tu wa kusukuma joto.

Kuhusu aina ya mafuta, kila moja ina ugonjwa wake wa baridi.

Petroli haigandi kwenye baridi la kawaida la binadamu, ila inakataa kugeuka mvuke, na bila mvuke hakuna mlipuko. Viwanda vinajua hilo, ndiyo maana petroli ya msimu wa baridi hutengenezwa iwe nyepesi kuliko ya kiangazi. Dumu ulilojaza wakati wa joto ukalihifadhi kwa ajili ya dharura litakusumbua pale unapolihitaji. Jaza akiba mwanzoni mwa baridi, weka dawa ya kutunza petroli siku ileile unayojaza, andika tarehe kwenye dumu, na ikifika masika imimine kwenye gari. Petroli isiyo na dawa huanza kuharibika baada ya miezi 3 hivi. Yenye ethanoli ina tatizo la ziada: hunyonya unyevu, na maji yakizidi hutengana na kutulia chini ya tangi, mahali hasa bomba la kabureta linapoanzia. Ukipata petroli isiyo na ethanoli, hiyo ndiyo ya jenereta.

Gesi ya mtungi inavutia kwa sababu haichachi na oili hubaki safi. Lakini angalia jina la gesi iliyomo. Butani huacha kuchemka karibu na sifuri, kwa hiyo mtungi wenye mchanganyiko mkubwa wa butani ni mzigo tu kwenye theluji. Propani huchemka hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, na watu husoma namba hiyo wakaridhika. Tatizo ni shinikizo. Kwenye nyuzi 20 za joto mtungi wa propani una shinikizo la zaidi ya bar 7. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri halifiki bar 1. Tena gesi inapochemka ndani inanyonya joto la mtungi wenyewe. Utaona mstari mweupe wa jalidi ukipanda ubavuni sambamba na kimo cha gesi ya maji iliyobaki, kisha injini inaanza kupumua kwa kukatakata, inazimika, na mtungi ukiutikisa unasikia bado una gesi. Haujaisha, umepoa. Dawa yake ni kuunganisha mitungi miwili au mitatu kwa pamoja ili kila mmoja utoe kidogo, kutumia mitungi mikubwa, na kuibadilisha ikiwa bado na robo, maana mtungi uliojaa hutoa gesi vizuri kuliko ulio karibu kwisha. Usiulaze, usiupashe kwa moto, wala usiuingize ndani ya nyumba. Na ukumbuke kwamba jenereta lilelile likitumia propani hutoa nguvu pungufu kwa kama asilimia 10 kuliko likitumia petroli.

Dizeli ina nta ndani yake. Baridi likifika, nta hujitenga, mafuta yanakuwa na ukungu, kisha chujio linaziba. Kipimo rahisi kuliko vyote ni chupa ya kioo: jaza dizeli yako, iache nje usiku wa baridi, asubuhi itazame kwenye mwanga. Ikiwa na ukungu mweupe, jenereta huenda lisiwake. Dawa ya kuzuia nta inafanya kazi ikiwekwa kabla ukungu haujatokea. Baada ya hapo haiyeyushi kitu. Na dizeli ndiyo inayochukia mzigo mdogo kupita zote. Ukiiendesha muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, mafuta yasiyoungua hujikusanya, na utaona utomvu mweusi ukichuruzika kwenye maungio ya bomba la moshi. Kwa nyumba ya kawaida inayokatika umeme mara chache kwa mwaka, mimi nisingechagua dizeli.

Ninachopendelea ni jenereta la inveta la petroli (lenye saketi ya kielektroniki inayotengeneza upya umeme wake), la kilowati 2 hadi 3.5. Umeme wake ni laini, haudhuru bodi ya boila wala kompyuta, na injini hupunguza mizunguko mzigo ukipungua. Kuna swichi ya kubana matumizi ambayo wote tunaipenda kwa sababu ya ukimya na mafuta. Kwenye baridi la nyuzi 15 chini ya sifuri na kushuka, izime. Injini ikizunguka polepole kwenye hewa hiyo hupoa kuliko inavyojipasha, na gharama ya mafuta ya ziada ni ndogo ukilinganisha na ya injini.

Kuunganisha na nyumba si kazi ya kujifunzia. Weka swichi ya chenjiova, ile inayochagua ama umeme wa mtaa ama wa jenereta, fundi mwenye leseni aifunge, basi. Waya wenye pini za kiume pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani, huua kwa njia mbili: pini zilizo wazi zina umeme, na umeme unarudi kwenye laini ya mtaa. Transfoma ya nguzoni haijui upande; volti 230 zikiingia kinyume zinatoka maelfu, kwa fundi aliyeambiwa kwamba laini imekufa.

Lakini hata baada ya chenjiova kufungwa vizuri kuna kasoro moja iliyotusumbua kuliko zote, na mafundi wengi wa boila hawaitarajii. Umeme wa mtaa ukikatika, jenereta linawaka, taa zinawaka, friji linavuma. Boila inajaribu: unasikia cheche, unaona mwali wa bluu kabisa, na baada ya sekunde chache unazimika. Mara tatu, kisha inajifunga. Mtu anafikiri gesi imeganda. Boila na matanuru mengi ya kisasa huutambua mwali kwa kupitisha mkondo mdogo sana wa umeme ndani yake kwenda kwenye ethi. Majenereta mengi madogo ya inveta nyutro yake haijaungwa na ethi, inaelea. Mkondo ule haupati njia ya kurudi, bodi inaamini hakuna moto, inafunga gesi. Chukua mita. Kwenye nyumba ya volti 230, kati ya laivu na ethi isome karibu 230, na kati ya nyutro na ethi karibu 0. Ukisoma kama 115 kila upande, umepata jibu. Dawa ni kiungo kimoja, kimoja tu, kati ya nyutro na ethi, na pa kukiweka panategemea kama chenjiova yako inakata nyutro au haikati. Hilo aamue fundi umeme, ila wewe umwambie dalili, na jaribio lifanyike wakati bado hali ya hewa ni nzuri. Usisubiri usiku wa dhoruba kujua kama boila yako inakubali jenereta lako.

Waya wa kutoka nje uwe wa mpira, si wa plastiki ya kawaida. Plastiki kwenye baridi hukauka kama ukuni na ukiikunja inapasuka. Milimita za mraba 2.5 kwa mzigo wa ampea 16 kwa umbali wa kawaida, na kama ni ekstensheni ya kuzungusha, ikunjue yote.

Sasa pa kuliweka. Hapa naomba msomaji asiharakishe. Baridi ndilo linalowashawishi watu waingize jenereta gereji, barazani au chini ya dirisha: halitaki kuwaka, mikono imekufa ganzi, na gereji ina mlango mkubwa unaoweza kuachwa wazi. Februari 2021, Texas ilipokatikiwa umeme kwenye baridi lisilo la kawaida, watu walikufa kwa kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, majumbani mwao, na majenereta yalikuwa miongoni mwa vyanzo. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Mlango wazi hausaidii. Jenereta likae nje, angalau mita 6 kutoka kila mlango, dirisha na tundu la hewa, moshi ukielekea mbali na nyumba. Ndani kuwe na kengele za kaboni monoksidi zinazotumia betri, moja kila ghorofa na moja karibu na wanapolala watu. Theluji inaongeza mtego wa pekee: ukichimba shimo kwenye theluji na kuliweka humo ili kulikinga na upepo, kuta za theluji zinazuia moshi kutawanyika, unajaa pale na kutambaa kuelekea nyumbani. Upepo nao hugeuka usiku. Watu wawili au watatu wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakisikia kichefuchefu na usingizi mzito, tokeni nje kwanza. Mazungumzo yafanyikie nje, na msaada wa dharura uitwe kutoka hukohuko.

Jenereta lenyewe linyanyuliwe juu ya kimo cha theluji ya kawaida, juu ya matofali au meza ya chuma, likiwa na paa la bati na pande zilizo wazi vya kutosha. Tulipata faida kubwa kwa kuweka ubao wa kukinga upepo upande unaovutia hewa, usioungua na ulio umbali wa hatua moja, ili hewa vuguvugu kidogo ya injini izunguke na kuvutwa tena. Weka kipimajoto pale hewa inapoingilia. Ukisoma kati ya sifuri na nyuzi 15, pamekaa vizuri; ukikaribia 40, umeliziba mno na utaunguza bodi ya umeme. Hewa ya moto itoke, moshi usirudi kamwe.

Kinachokingwa na ubao huo ni bomba dogo la mpira ambalo wenye majenereta wengi hawajawahi kulitazama. Fungua kifuniko cha chujio la hewa. Nyuma yake, kutoka juu ya injini, kuna bomba lenye unene wa kidole linaloingia kwenye boksi la chujio au karibu na mdomo wa kabureta. Hilo ndilo pua ya injini. Pistoni inapopanda na kushuka, tumbo la injini linapumua kupitia hapo, na pumzi yake ni ule mvuke wa maji nilioutaja mwanzoni. Ukifika mwisho wa bomba unakutana na hewa ya nyuzi 25 chini ya sifuri inayovutwa kwa kasi. Unaganda pale pale. Kwanza ni ukungu, kisha pete nyembamba ya barafu, kisha tundu linazidi kuwa dogo hadi linafunga kabisa. Injini bado inanguruma vizuri. Lakini shinikizo lililokosa pa kutokea linatafuta njia nyingine, na njia dhaifu ni sili ya mhimili au mfuniko wa oili. Oili inasukumwa nje. Kwenye injini yenye kinga ya oili (swichi inayoizima oili ikipungua), jenereta linazimika na unapoteza usiku mmoja. Isiyo na kinga, au yenye kinga iliyoharibika, inaendelea hadi chuma kinasaga chuma. Letu liliishia hivyo, na tulipolifungua siku ya pili barafu ilikuwa imeshayeyuka, bomba likaonekana zima, tukalaumu sili bure.

Dalili zipo ukijua pa kutazama. Chomoa bomba hilo baada ya kila siku ya kazi kwenye baridi. Ukikuta ute wa rangi ya maziwa ya njano ndani, maji yameshaanza kuchanganyika na oili. Fungua mfuniko wa oili uangalie upande wa ndani: ukiwa na povu zito kama uji mwembamba, ndiyo hiyohiyo. Chujio la hewa likiwa limelowa oili, tumbo limeshapumulia vibaya. Kinga ni kuvisha bomba sponji la mabomba, kuelekeza hewa vuguvugu upande huo, kutobana matumizi kwenye baridi kali, na kuipa injini mzigo. Watengenezaji wengine huuza vifaa vya msimu wa baridi kwa ajili ya sehemu hii. Uliza kabla ya kununua jenereta, si baada. Na barafu ndogo huweza pia kujenga ndani ya kabureta hata kwenye hali ya hewa ya karibu sifuri yenye unyevu mwingi: injini inadhoofika, ukiizima dakika kumi inawaka kama haikuwa na kitu, kwa sababu joto la chuma limeiyeyusha.

Oili yenyewe ni nusu ya kuwaka. SAE 30 ya kiangazi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inakuwa kama asali, kamba haivutiki. Weka 5W-30 ya sintetiki, na kwenye baridi la nyuzi 30 chini ya sifuri 0W-30 au 0W-40 kama kitabu kinaruhusu. Kabla ya kuwasha, zima swichi ya moto na uvute kamba polepole mara tano au sita ili oili isambae. Halafu choki yote, swichi, vuta kwa nguvu moja. Likiwaka, rudisha choki kidogo kidogo kwa dakika moja hadi tatu, liache lipate moto dakika tano kabla ya kulipa mzigo. Likikataa baada ya mivuto minane, acha. Plagi imelowa. Ichomoe, weka nyingine kavu uliyoihifadhi ndani kwenye joto, na kabla ya kuirudisha vuta kamba mara kadhaa, swichi ikiwa imezimwa, ili petroli iliyozidi itoke. Pengo la plagi ni milimita 0.7 hadi 0.8 kwa injini nyingi za aina hii. Dawa ya kupulizia ya kuwashia siipendi: inaosha oili kwenye silinda kavu ya baridi, na kwenye dizeli yenye plagi za kupashia inaweza kulipuka.

Kama jenereta lina betri, baridi inakata nguvu yake takriban nusu kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, wakati huohuo injini inadai nguvu zaidi. Betri iliyojaa haigandi kwenye baridi la kawaida. Iliyokwisha huganda karibu na nyuzi 7 chini ya sifuri, na ikiganda huweza kupasuka. Chaja ndogo ya kudumu iwe imechomekwa msimu mzima. Zetu mbili zilikufa kwa kukaa bila chaja, basi.

Umeme ukikatika kwa siku kadhaa, mambo yanabadilika. Mvua ya barafu ya Januari 1998 huko Quebec, Kanada, iliwaacha baadhi ya watu gizani kwa zaidi ya wiki 4, kwa hiyo panga kwa siku, si kwa saa. Kwa mzigo wa wastani hesabu kama nusu lita ya petroli kwa kila kilowati-saa, na zaidi ya hapo mzigo ukiwa mdogo. Wengi huliwasha kwa zamu, na ni sawa, mradi zamu ziwe chache na ndefu. Kuwasha nusu saa mara nane kwa siku ni kuijaza injini maji mara nane. Zamu yenye urefu wa saa tatu asubuhi na nyingine yenye urefu wa saa nne jioni, zikiwa na mzigo wa kutosha, zinakausha injini, zinapasha nyumba na kujaza tangi la maji. Friza lililojaa likibaki limefungwa huhimili kama saa 48.

Kila unapojaza mafuta, zima, subiri dakika 15, pima oili kwa kijiti, jaza, washa kabla halijapoa kabisa. Kuendesha mfululizo kunamaanisha saa 100 zinatimia kwa siku nne na kidogo, na huo ndio muda wa kubadilisha oili unaoandikwa kwenye vitabu vingi. Kwenye baridi, nabadilisha kila saa 50, na jenereta jipya baada ya saa 20 za mwanzo. Injini ndogo hula kati ya lita 0.6 na 1.1, hivyo lita tatu au nne ndani ya nyumba si nyingi. Mwaga ikiwa bado ya moto.

Jaribio la kila mwezi ndilo watu wanalolifanya vibaya kwa nia njema. Dakika tano bila mzigo, linazimwa, moyo unatulia. Dakika tano hizo zimetengeneza maji na hazikuyatoa. Liendeshe nusu saa, likiwa na nusu ya mzigo wake, hadi mfuniko wa oili uwe wa moto kuushika. Kisha funga bomba la mafuta na uliache lijizime lenyewe, kabureta ibaki kavu. Angalia pia boksi la chujio, panya hupapenda wakati wa baridi.

Masika ikifika, weka bakuli la kioo chini ya kabureta na ulegeze skrubu ya chini. Petroli kidogo itatoka. Itazame dhidi ya mwanga: maji hukaa chini yake kama shanga ndogo inayoteleza. Ukiiona hata shanga moja, fungua na chujio la tangi, mwaga yote, na uanze tena na mafuta mapya.